Wataka rangi au wataka gari? Nilivyonyoosha uso wa DX ya ami

Canter haikuumia hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ile asubuhi pale Magongo. Dereva alishuka, akainama kutazama chuma chake cha kuvutia, akapangusa kwa kidole rangi ya maziwa iliyobaki pale, kisha akaniambia, "Pole kijana, lakini ni wewe umekuja kunigonga." Akapanda akaenda zake. Mimi nikabaki katikati ya barabara na Toyota Corolla DX ya mwaka 1982, pua imeingia ndani upande wa kushoto, maji ya rejeta yanatiririka mpaka mtaroni, na matatu nyuma yangu zinapiga honi kana kwamba nimeegesha makusudi.

Gari lenyewe si langu. Ni la ami, alilinunua enzi zake akiwa karani bandarini Kilindini, na namba yake bado ni ile ya kizamani, herufi tatu na tarakimu tatu basi, ya kabla ya KAA kuanza mwaka 1989. Siku hiyo alikuwa amenituma nilipeleke kwa fundi Mikindani likaangaliwe breki. Ndiyo, breki. Cheka tu, mtaa mzima ulicheka.

Kama wewe ni mtu wa Probox huenda usielewe hizi kelele ni za nini. Corolla ya kizazi cha E70 ilitoka Japani mwaka 1979, na ndiyo saluni ya mwisho ya Corolla kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kizazi kilichofuata, E80 cha mwaka 1983, saluni ikahamia magurudumu ya mbele na haijarudi. Injini ya hii yetu ni 4K, cc 1,290, yenye kabureta, hakuna kompyuta popote. Ukifungua boneti unaona lami chini, nafasi imejaa, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko bila kukwaruzika. Vijana wanaopenda kuchezesha gari kwenye kona wanaitafuta KE70 kila mahali, Australia huko wanaigombania. Kwa ami sababu ni ya zamani zaidi. Yeye alikua wakati Datsun 240Z inashinda Safari Rally, 1971 na tena 1973, halafu akamwona Shekhar Mehta na Datsun yake akishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Zote zinasukumwa kwa nyuma. Gari linalovutwa kwa mbele, kwa ami, ni friji lenye magurudumu.

Sasa hesabu. Bima ilikuwa thadi pati, ile ambayo sheria, Sura ya 405, inakulazimisha kuwa nayo. Inamlipa uliyemgonga. Wewe mwenyewe utajijua. Bima kubwa kwa gari la miaka arobaini na zaidi, kampuni nyingi hazitaki hata kukusikiliza. Na huwezi kusema utaagiza jingine Japani, kwa sababu kiwango cha KS 1515 kinakataa gari lililotumika kupita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo DX zilizoko Kenya ndizo hizo hizo. Moja ikifa, zimepungua moja.

Mwenye Subaru akigonga mbele, shida yake ni pesa tu. Anaenda kwa wauzaji wa spea anaulizia nozikati, yaani mbele nzima ya gari iliyokatwa ng'ambo na kuletwa na kontena: boneti, taa, fremu ya rejeta, fenda, pengine na injini yake. Anabadilisha kama kofia. Nilipouliza nozikati ya KE70, muuzaji mmoja aliniangalia kwa huruma. Aliniambia niulize kwa watu wa makumbusho pale Fort Jesus.

Siku ya pili alikuja jamaa wa chuma chakavu na mizani yake, hata sijui nani alimwambia. Alilizunguka gari kama anayenunua mbuzi. Ami alikuwa ameketi barazani na kahawa yake tungu, hakusema kitu mpaka yule jamaa alipoondoka. Halafu akaniambia bila kupandisha sauti, "Umeivunja. Itengeneze."

Nilikuwa na shilingi 85,000. Hizo zilikuwa za chuo. Niliacha masomo mwaka wa pili karo iliposhinda, na tangu hapo nimekuwa nikiandika, nikipiga picha za harusi, nikiuza vifuniko vya simu, nikidunduliza ili nirudi. Ami alijua. Hakusema nitumie zile, na hakusema nisitumie.

Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka. Nilipata fundi upande wa Kisauni ambaye bei yake ilikuwa 28,000 na siku nne, rangi ndani. Siku nne kweli zikafika, na gari likatoka linang'aa. Grili ya kuazima, boneti imenyooka, fenda ya kushoto laini kama yai. Nilipiga picha, nikaiweka mtandaoni, nikapata sifa. Kufika daraja la Nyali nikaachia usukani kidogo tu, gari likaanza kwenda lenyewe kushoto kama limeona mtu linayemjua. Nikalirudisha. Likaenda tena. Na boneti ilikuwa haifungi mpaka uiegemee kwa kifua. Ukifika mwendo wa 60 unaiona inatetemeka. Boneti inayotetemeka siku moja itafunguka yenyewe na kukupiga kwenye kioo, na hapo hutaiona barabara tena.

Wiki mbili baadaye tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani hadi nyuzi. Rafiki yangu mmoja akaja na sumaku ya friji, ile ya picha ya tembo wanayouzia watalii. Akaiweka mlangoni, ikang'ang'ania. Akaiweka kwenye fenda ya kulia, ikang'ang'ania. Akaiweka kwenye fenda ya kushoto, ikaanguka chini. Akaiokota akajaribu mahali pengine, ikaanguka tena. Ile fenda laini kama yai ilikuwa fila tupu, mahali pengine unene wa kidole. Bati lenyewe lilikuwa bado limekunjika huko ndani, limefunikwa tu. Nilirudi kwa yule fundi. Akasema gari za zamani ndivyo zilivyo. Sikurudi tena, na pesa pia hazikurudi.

Nikaelekezwa Changamwe, upande wa Chaani, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake haina kibao. Ni kiwanja chenye mwembe mkubwa, lori bovu lisilo na magurudumu, na kibanda cha makuti. Mzee ana ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa waya. Alianza kazi ya bodi akiwa kijana, miaka ya sabini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari mara moja, hakuligusa. Kisha akainama, akachungulia chini kwa muda mrefu. Alipoinuka akaniuliza:

"Wataka rangi au wataka gari?"

Nikamwambia nataka gari.

"Basi hii rangi yote twaitoa."

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya mbele ya gari ni nini hasa, na naomba univumilie kidogo kwa sababu sehemu hii haionekani kwenye picha za mtandaoni.

DX haina chasisi ya kutenganishwa na bodi kama Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kutoka ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako, inatoka mihimili miwili ya bati nene kuelekea mbele, kushoto na kulia. Hiyo mihimili ndiyo inabeba injini, ndiyo inabeba miguu ya gari, na mbele kabisa imeunganishwa na fremu inayoshika rejeta na kufuli ya boneti. Bampa, grili, boneti na fenda ni nguo tu. Zimefungwa kwa bolti. Ukigonga kidogo, nguo zinachanika. Ukigonga sana, mfupa unapinda. Canter ilikuwa imenipiga kwenye mfupa wa kushoto, na yule fundi wa kwanza alikuwa ameshona nguo juu ya mfupa uliovunjika.

Mzee hakuanza na nyundo. Alianza na timazi, chaki, na tepu ya kupimia. Tulilipandisha gari kwenye stendi nne, akasawazisha, kisha akawa anashusha timazi kutoka kwenye bolti fulani za chini ya gari, na pale kidonge kinapogusa sakafu anaweka alama ya chaki. Alama nyuma, alama katikati, alama mbele, kushoto na kulia. Alipomaliza akasukuma gari pembeni, na pale chini kukawa na nukta nyeupe tu, kama mchezo wa bao la kuchora. Akanipa ncha moja ya tepu. Tukapima kwa mshazari: kutoka nukta ya nyuma kushoto hadi ya mbele kulia, halafu nyuma kulia hadi mbele kushoto. Gari zima, hizo mbili zinatakiwa zilingane. Zetu zilipishana milimita 17.

Tukapima pia kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi cha mbele. KE70 kwa vitabu vya Toyota ni milimita 2,400. Kulia tulipata 2,399. Kushoto 2,381. Gurudumu langu la kushoto lilikuwa limerudi nyuma karibu sentimita mbili, na mimi nilikuwa nimelipaka rangi.

(Mwalimu wangu wa hesabu, kama unasoma hii: nilikumbuka mraba wa kiegema. Nilichelewa, lakini nilikumbuka.)

Mzee anakubali tofauti ya milimita 3, si zaidi. Nikamuuliza kama kuna mashine ya kazi hii. Akasema ipo, nchi nyingine wana benchi la chuma na vipimo vya leza, na hata hapa Mombasa gereji kubwa wana mtambo wa kuvuta. "Mimi nina lile lori," akasema.

Kumbe lile lori bovu halikuwa takataka. Nyuma ya DX ilifungwa kwa minyororo kwenye lori, chini kabisa, ili isisogee. Mbele, mnyororo mwingine ukafungwa kwenye mhimili wa kushoto na kupelekwa kwenye nguzo ya reli iliyozikwa ardhini kwa zege, na katikati pakawekwa cheni bloku. Alipochagua upande wa kuvutia alisimama pale mbele kama anayepiga penalti. Pigo liliingia kutoka mbele kidogo kushoto, likasukuma mhimili nyuma na kuupinda kwenda ndani. Kwa hiyo unavutwa kwa njia ile ile pigo lilikoingia, ila kinyume. Ukivuta moja kwa moja mbele tu, unanyoosha urefu na kuacha upindo.

Kisha polepole. Kijana wake anavuta cheni, mkono kwa mkono, mpaka chuma kinaanza kulia. Hapo anasimama, na mzee anapita na nyundo akigonga mikunjo, si kwa nguvu, tap tap tap, huku mnyororo umekaza. Chuma kilichokunjika kinakumbuka umbo lake jipya, alinieleza. Ukikivuta bila kukigonga, ukiachia kinarudi. Na hata ukigonga kinarudi kidogo, kwa hiyo unavuta ukipitiliza milimita chache, unaachia, unapima. Tulivuta, tukaachia, tukapima. Tukavuta tena. Ilichukua siku mbili nzima na sikuhesabu mara. Jioni ya siku ya pili mshazari ulipishana milimita 2. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaomba chai.

Nilimuuliza kwa nini hakuupasha moto ule mhimili, maana nimeona mafundi wakiufanya mwekundu kwa gesi na kuunyoosha kama udongo. Akasema bati la DX ni chuma laini cha zamani, lingevumilia kidogo, lakini moto unapopita chuma hulegea, na kesho ukigonga tena kitakunjika kama karatasi. Magari mapya yana chuma kigumu zaidi ambacho ukikichoma moto umekiharibu kabisa. Kwa hiyo yeye hana mazoea hayo.

Fremu ya rejeta haikuwa na tumaini. Ilikuwa imekunjika mara mbili, na fundi wa kwanza alikuwa ameipigilia na kuichomelea vipande vya bati la mabati, nadhani la paa. Ilihitajika nyingine, na DX iliyokufa ndiyo ingetoa. Nikauliza kila mtu. Jibu lilikuja kutoka kwa dereva wa tuktuk: Likoni, ndani ya Mtongwe, kuna DX chini ya mkorosho, imekaa miaka.

Mzee alinipa kijana wake, grainda, na amri moja: "Kateni mbali. Tutapunguza hapa." Ukikata karibu na mahali unapotaka kuungia, hubaki na chuma cha kushikilia wala cha kusahihisha makosa. Tukavuka feri na betri, jenereta ndogo ya kuazima, na mahamri ya njiani.

Ile DX ya Mtongwe ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, ya marehemu mumewe. Kuku walikuwa wanalala kiti cha nyuma. Alitukaribisha, akatupa maji, kisha akatuuliza mara tatu kama tunataka mbele tu au lote. Nikamwambia mbele tu. Akanyamaza. "Ikatweni basi, lakini msiwafukuze kuku," akasema. Tulikubaliana 9,000 na boneti ikiwemo, na wakati grainda inalia aliingia ndani akafunga mlango. Nilipenda kumwambia kitu lakini sikukijua.

Juu ilikuwa nzima. Chini ilikuwa imeliwa. Hii ndiyo Pwani: chumvi ya bahari inaingia kwenye mikunjo ya bati, inakaa na unyevu, na inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kijidoa cha kutu kwa nje, ndani kuna tundu tayari. Tulipoigonga sehemu ya chini kwa bisibisi, ilipita moja kwa moja kama kwenye biskuti. Tukachukua juu, pamoja na boneti na fenda ya kushoto.

Kurudi tulikodi mkokoteni. Fikiria uso wa Corolla, grili, taa na kila kitu, umelazwa juu ya mkokoteni katikati ya watu elfu pale feri. Mmoja akauliza, "Kaka, mwili umeuacha wapi?" Mwingine akasema hiyo ndiyo gari ya kuchangia mafuta, kila mtu na kipande chake. Mpaka tunatia nanga upande wa pili nilikuwa nimeshachoka kucheka.

Huko Chaani mzee alitengeneza sehemu ya chini kutoka bati jipya la geji 18, akalikunja kwa mkono kwenye ukingo wa chuma cha reli akifuata ile iliyooza kama patani. Halafu akafanya kitu ambacho, kama utakumbuka kimoja tu katika makala haya, kumbuka hiki. Hakuchomelea. Alishikiza fremu kwa vibanio, akafunga fenda zote mbili kwa bolti, akaweka boneti, akaweka taa, akaweka bampa, yaani gari likavaa nguo zote huku mfupa wake wa mbele umeshikwa na vibanio tu. Akafunga boneti kwa kidole kimoja. Ikakataa. Akasogeza fremu labda milimita 4 kulia, akafunga tena. Ikaingia, klik. Akachukua kibao chembamba cha milimita 5 akakipitisha kwenye mwanya kati ya boneti na fenda, kutoka mbele hadi kwenye kioo, kushoto na kulia. Kilipita bila kubanwa na bila kucheza. Hapo ndipo akasema, leta welding. Tukavua nguo zote tena, tukachomelea.

Na kila kilichochomelewa kilipakwa praima siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Mzee hataki kusikia habari ya kesho. Bati tupu likilala usiku mmoja Changamwe, asubuhi lina vumbi la rangi ya chungwa, na ukipaka juu yake umeifungia kutu ndani ya nyumba.

Mambo ya injini yalikwenda haraka. Rejeta ya DX ni shaba, kwa hiyo fundi wa rejeta aliifungua, akanyoosha mapezi, akaziba kwa risasi. Zile za plastiki za siku hizi ikipasuka unatupa. Feni ya gari hili inazungushwa na injini yenyewe, imefungwa mbele ya pampu ya maji, na rejeta iliporudi nyuma iliisukuma feni, feni ikasukuma pampu. Ukiitikisa kwa mkono ilicheza. Pampu mpya ilipatikana bila shida, kwa sababu injini za familia ya K ziliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 2000 kwenye magari ya kazi. Hapo ndipo ukongwe ulinisaidia. Mzee akakagua na mikanda ya kiti pia, akaivuta yote mpaka mwisho kutafuta nyuzi zilizochanika. Gari hili halina eabegi. Ule mkanda ndio ulionizuia nisiule usukani.

Pesa ilikuwa inaisha. Kati ya zile 57,000 zilizobaki baada ya Kisauni, nilikuwa nimeshatoa 9,000 Mtongwe, 1,500 ya mkokoteni na nauli, 4,000 ya rejeta, 3,500 ya pampu, na rangi ilitaka 12,000. Kazi ya mzee ilikuwa 30,000. Piga hesabu mwenyewe, nilipungukiwa na 3,000. Nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Akanirushia msasa na ndoo ya maji akasema, "Siku sita."

Kwa hiyo nilipiga msasa siku sita. Fila ipo, tusidanganyane. Hata mzee anatumia fila, lakini nyembamba kama siagi kwenye mkate, kuziba alama za nyundo tu. Kazi yangu ilikuwa kuipunguza mpaka usipoiona kwa jicho uihisi kwa kiganja, na kisha kiganja nacho kisiihisi. Mzee alikuwa anapita amefumba macho, anaburuta mkono, anasema "hapa," anaondoka. Kucha zangu zilikuwa nyeupe. Nilijifunza zaidi kwa zile siku sita kuliko muhula mzima, na siisemi hiyo kuwasifu walioacha chuo. Niliacha kwa sababu ya karo, na bado nataka kurudi.

Rangi tulisubiri. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, asubuhi kila kitu kimelowa umande. Ukipiga rangi hewa ikiwa na maji mengi na thina ikikauka haraka, inatoka na ukungu mweupe kama umeipulizia pumzi. Tukaanza saa nne na nusu, baada ya kumwagia maji kiwanja kizima ili vumbi litulie. Fundi wa rangi aliilinganisha rangi na upande wa ndani wa kifuniko cha tangi, ambako jua halijawahi kufika. Ikatoka ya maziwa iliyo changa kidogo kuliko milango. Unaiona tu ukiwa umeambiwa. Sasa nimekuambia.

Sumaku ya tembo niliileta mwenyewe. Iling'ang'ania.

Jumamosi ami alikuja Chaani kwa matatu, kanzu na kofia, kana kwamba anakwenda kuposa. Alisalimiana na mzee, wakakuta wanajuana na watu wale wale wa bandarini, wakaongea nusu saa kuhusu waliofariki. Mimi na gari tukasubiri. Kisha akaketi kwenye usukani, mimi pembeni, tukatoka kuelekea Miritini ambako barabara imenyooka. Alipofika mwendo wa 60 aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, akaiweka mapajani. Nikashika dashibodi. Gari lilikwenda. Lilikwenda tu, katikati ya njia yake, halikutafuta kushoto wala kulia, mpaka tukakaribia trela na akashika tena.

"Na chuo?" akauliza, macho mbele.

Nikamwambia labda mwakani.

Hakujibu. Alipunguza mwendo kwa ajili ya trela, akakanyaga pedali, akainamisha kichwa upande wa dirisha kusikiliza.

"Breki za nyuma bado zalia," akasema. "Jumatatu ipeleke Mikindani."